Mshiko wa Ufunguo

9 Machi

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa masufuria yako. Natumaini wanafunzi wa hilo bweni bado wanakula kama nzige na wewe bado unawakaripia. Sisi tupo. Mama mzima, yuko jikoni anagombana na mkaa, anakusalimu sana. Fundi viatu jirani ndiye aliyenishonea kitanzi cha ngozi kinachobana kalamu kwenye kiganja, kwa hiyo ukiona herufi zinapepesuka usimlaumu mwalimu aliyenifundisha kuandika.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Simu lazima mtu anishikie, Dada. Anayeshika husikia, na akishasikia huchangia. Barua naandika peke yangu, fundi viatu anapeleka posta. Ikichelewa, na ichelewe.

Sasa lenyewe. Juzi nilikuwa kwa daktari wa mikono. Unajua tangu nilipoanguka kwenye dirisha la yule mteja aliyefungia funguo ndani, Oktoba ile, uti wa mgongo uliumia hapa shingoni. Mabega yapo, viwiko vinakunja, vifundo vya mikono vinainuka. Vidole ndivyo vilivyogoma. Ila nikiinua kifundo, vidole hujikunja vyenyewe kidogo na dole gumba hulalia kidole cha shahada. Hivyo ndivyo ninavyoinua kikombe cha plastiki, kikiwa nusu.

Daktari kasema njia ni tatu. Ya kwanza, kubaki hivi hivi na mazoezi. Ya pili, kuchukua tawi la mshipa wa fahamu unaofanya kazi na kuliunganisha na ule wa vidole uliolala. Huenda vikaamka, huenda visiamke, nitangoja mwaka au zaidi kujua, na anataka kufanya hivyo kabla mwaka haujatimia tangu nianguke. Ya tatu, kuhamisha kano ya msuli mmoja wa mkono, wenye wenzake wa kuushikia zamu, na kuishona kwenye dole gumba. Hiyo haina haraka na ina uhakika zaidi, lakini inaleta kitu kimoja tu, dole gumba kubana. Unajua wanauitaje? Mshiko wa ufunguo. Nilicheka mpaka Bibi Mazoezi, yule mtaalamu wa viungo, akadhani nimepaliwa. Mimi niliyechonga funguo za nusu ya mji huu leo naahidiwa kushika mmoja.

Tatizo ni baada ya kisu. Mkono utakaa kwenye plasta, kisha miezi bila kuuegemea. Maana yake kiti cha magurudumu sikisukumi, na kitandani sijihamishi mwenyewe kwa ubao kama ninavyofanya sasa. Daktari akauliza, nani atakuwa nawe? Nami nakuuliza wewe. Utakuja?

Mdogo wako,
Kufuli (jina ulilonipa mwenyewe, kwa kununa kwangu)


2 Aprili

Kufuli wewe,

Umzima? Barua yako nimeisoma nimesimama, mwiko mkononi, maharage yakashika chini, na shule nzima ikala moshi kwa ajili yako. Kwangu hawajambo. Binti yangu amefaulu, anataka kuwa nesi, Mungu awalinde wagonjwa. Shemeji yako anakusalimu.

Kuhusu mkono sioni cha kujadili. Njia ya pili. Nani anayeahidiwa vidole vyote halafu akachagua kimoja? Wewe ni fundi! Tupa utaishikaje kwa dole gumba peke yake? Na jiliwa lako la kubania vyuma pale kibandani kwako litakazwa na nani? Ukianza kuridhika na nusu, mwisho utaridhika na robo. Mwambie daktari tunataka mshipa wa fahamu, na upesi, miezi haimngoji mtu.

Halafu hiyo habari ya vidole kujikunja siipendi hata kidogo. Dereva wa lori letu la kuni, baba yake alipigwa na kiharusi, vidole vikakakamaa hivyo hivyo. Wakamnyoosha kila siku, na leo anafunga vifungo vya shati. Nimeshamwambia Mama kwa simu: kila jioni, mafuta ya uvuguvugu, avinyooshe mpaka vilale bapa juu ya meza. Usimsumbue, mwache afanye.

Mengine tutaandikiana. Muhula huu una ukaguzi, hata usingizi sina.

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hongera kwa binti. Mama amelala, anakusalimu.

Leo sina maneno matamu, nisamehe, au usinisamehe, vyote sawa. Nimerudi kwa Bibi Mazoezi. Kaniambia, inua kifundo. Nikainua. Vidole vikabaki vinaning'inia kama soksi kwenye kamba. Akarudia, nikarudia. Akauliza, nani amenyoosha mkono huu? Mama akajibu kwa fahari kabisa, "Mimi! Kila jioni!"

Dada, Bibi Mazoezi akaongea taratibu, nikaona afadhali angefoka. Baba yake dereva alikuwa na kiharusi. Mimi nimevunjika shingo. Ule mkazo mdogo wa vidole tuliachiwa makusudi! Ndio uliokuwa unanishikia kikombe! Ukinyoosha vidole huku kifundo kimeinuka, kano zinalegea, na zikilegea huna tena hata kile kidogo. Alimwambia Mama hivyo tangu hospitali. Lakini Mama akisikia neno la daktari na neno la binti yake, unajua analishika lipi.

Nami nilisikia lile katazo, nikanyamaza. Unataka kujua kwa nini? Kwa sababu Mama akinipaka yale mafuta alikuwa anaimba. Tangu nianguke hakuwahi kuimba. Basi nikamwachia vidole avichezee.

Sasa usiku navifunga vikiwa vimekunjwa, tungoje vikaze tena, na havitarudi vyote. Kikombe nanywea kwa mrija. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Dada, lakini yako imeweza kumpiga mgonjwa.

Na swali langu la kwanza hukulijibu.

Kufuli


21 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Sijui nianze na lipi. Nimeanza barua hii mara kadhaa, nikawashia jiko. Ukaguzi ulipita salama. Mvua imevujia ghala la unga, tumeanika magunia mpaka kwenye ngazi za ofisi. Mama mpe salamu zangu, mbona nikipiga simu anakata upesi?

Kuhusu vidole, nilikosea. Haya, nimesema, na usinifanye niseme tena. Nilimwamini dereva kwa sababu aliniambia kitu nilichotaka kusikia. Kila mtu hapa akijua habari zako hunipa pole, yeye peke yake alinipa la kufanya.

Lakini sasa ndiyo sababu zaidi ya kwenda njia ya pili. Jumapili tulizungumza kwa simu, mimi, Mama na Mjomba. Mjomba amempata karani wa pale hospitali na umewekewa nafasi mwanzoni mwa Septemba, kabla mwaka haujatimia. Tumekubaliana sote. Usianze ubishi wako. Mjomba amehangaika sana, mshukuru.

Utunzaji usikutie hofu, Mama yupo.

Dada yako


9 Julai

Dada,

Shikamoo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa chumbani, ukuta mmoja tu katikati, nawasikia mkiniamulia, simu imepandishwa sauti, Mjomba anakohoa, wewe unasema "yeye tutamwambia". Nilikuwepo na langu halikuwepo.

Mkono ni wangu. Si wa ukoo, si wa Mjomba, si wa karani wa Mjomba. Sifanyi ya pili, wala ya tatu. Nabaki hivi hivi. Nimemwambia fundi viatu apite hospitali akaifute hiyo nafasi, na ameifuta.

Mama amepumzika, anakusalimu.

Kufuli


1 Agosti

Kufuli,

Nimekasirika mpaka nimepasua sahani. Ningekuwa karibu ningekuchapa, kiti na magurudumu yake. Umefuta nafasi ambayo watu wanaililia! Kwa kiburi! Ndivyo nilivyoanza kuandika, kisha nikazitoa barua zako zote nikazisoma upya, nikitafuta pa kukushikia nikukomeshe. Nikaona kitu kingine.

Machi: Mama yuko jikoni anagombana na mkaa. Aprili: Mama amelala. Julai: Mama amepumzika. Na hospitali anatumwa fundi viatu, si Mama. Mama alikuwa anakwenda sokoni na kurudi kwa miguu huku anatusengenya njia nzima. Mama yangu hajawahi kulala mchana hata akiwa na homa. Alituambia usingizi wa mchana ni wa paka. Ana nini? Usinidanganye, nitajua.

Sasa nami nikujibu swali lako la Machi, ambalo nimelikwepa kama mdeni. Sikuja kwa sababu naogopa. Ukaguzi sijui muhula ni maneno tu. Nilikuona ukiondoka hapa kwangu mara ya mwisho ukipunga mkono na ule mfuko wako wa vyuma, na hiyo ndiyo picha niliyo nayo. Nikija, nitakuona ukilishwa. Nilitaka njia ya pili ifanye kazi, vidole viamke, kisha nije nikukute kama nilivyokuacha. Nimekuwa nikikusukuma kwenye kisu ili mimi nisione. Najichukia kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Kuna jambo moja zaidi. Nimesoma barua zote, zako na nakala zangu kichwani, na hakuna mahali mtu amekuuliza: mkono huo unautaka ufanye nini? Mjomba anataka urudi kibandani. Mama anataka ule mwenyewe. Mimi nimeshakuambia yangu. Wewe je?

Jibu upesi. Nimeshamwambia mkuu wa shule naondoka. Kasema nikiondoka katikati ya muhula hanihakikishii jiko langu. Nikamwambia ampe mwiko anayeutaka. Fimbo ya mbali inapanda basi.

Dada


19 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo sana. Fundi viatu aliniletea barua yako nikiwa na Bibi Mazoezi, nikaisoma mbele yake nikalia, akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Mama ni mgongo. Ilikuwa Aprili, siku ile niliyokuandikia kwa hasira. Tuliporudi kutoka kliniki nilikuwa nimenuna, sikutaka kujihamisha kwa ubao, nikamwambia aninyanyue. Akaninyanyua. Tukasikia mgongo ukilia, mimi na yeye, tukaanguka pamoja kitandani. Akacheka kwanza. Kisha akashindwa kusimama. Sasa anatembea akishika kuta, na kaniapisha nisikwambie, eti utaacha kazi. Angalia sasa umeacha bila kuambiwa. Ndiyo sababu nilikataa kila kitu. Mkono mmoja ukiingia kwenye plasta, nani wa kuninyanyua? Angejaribu, unamjua.

Unauliza nautaka mkono ufanye nini. Nitakuambia, ila usimsomee mtu, wala Mjomba.

Nataka kufunga mlango wa chumba changu kwa ndani.

Basi. Tangu nianguke hakuna aliyenibishia hodi. Mama anaingia, jirani anaingia, mgeni wa Mama anayetafuta choo anaingia. Nikiwa navuliwa nguo, nikiwa napanguswa, nikiwa nimewekewa mpira wa mkojo, mlango unafunguka tu na mtu anasema "Oo, pole", kisha anabaki palepale kunipa pole. Hawana ubaya, nakuapia. Wananiona kama kitu kilichowekwa chumbani. Nimeweka makufuli kwenye milango ya watu maisha yangu yote, na wangu unafunguliwa na kila mwenye kiwiko.

Kwa hilo sihitaji vidole vitano. Nahitaji dole gumba libane, lisukume komeo. Njia ya tatu. Najua inaachia ile ya pili ipite. Daktari kasema ule mshipa hautatungoja, na akifanya hili leo si rahisi kurudi kesho kufanya lile kwenye mkono huu huu. Mjomba atasema nimechagua nusu. Mwambie heri nusu shari kuliko shari kamili, halafu badilisha mazungumzo. Sitasubiri mwaka mzima nikivitazama vidole kila asubuhi kama mtu anayengoja mbegu za dukani ziote.

Nimechukua nafasi mwenyewe. Mkono wa kulia, tarehe kumi na mbili Septemba. Njoo. Nitalishwa, Dada, nakuonya mapema. Nitafungwa kitambaa kifuani kama mtoto na utanipangusa mdomo. Ukitaka kulia, lilia jikoni, kule kuna moshi.

Kufuli


30 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za jiko jipya? Mama kanisomea ujumbe wako kwamba hao wazee unaowapikia sasa hawana meno, basi hutawaunguzia maharage. Yeye anaendelea vizuri, mgongo unauma asubuhi tu, mchana anawasengenya watu kama zamani. Tangu uondoke anasema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe, maana naitia mwenyewe.

Usidhani nimekuwa malaika. Nina hasira bado. Juzi nilikwenda kibandani, nikajaribu ufunguo mdogo wa kufuli la sanduku, ukanichoropoka, ukanichoropoka tena, mpaka mteja akauokota akanipa kwa huruma. Nilitamani kumtupia jiliwa. Tupa siiwezi na sitaiweza. Vidole vingine vinakaa hapo kama abiria. Mwaka umepita, ule mlango wa pili umefungwa, na usiku mwingine nalala nikiwaza vidole ambavyo huenda vingeamka. Mjomba naye hajaacha. Kila akija huniangalia mkono kwa jicho la mtu aliyepunjwa sokoni. Nasema haya kwako kwa sababu wewe ulikaa nami miezi ile yote, ulininyanyua ukiwa unatukana, na ulilia jikoni kweli, nilikusikia.

Sasa sikiliza. Seremala alikuja Jumanne na komeo nililolichagua mwenyewe, lenye ulimi mrefu, jepesi. Nilimsimamia kila skrubu mpaka akaniuliza kama namlipa au namfundisha. Usianze kupiga kelele kwamba nikianguka ndani nitafia humo. Fundi makufuli hafungi mlango usiofunguka kwa nje. Kuna tundu upande wa pili, na ufunguo wake uko shingoni kwa Mama, kwa sharti kwamba ni wa ajali tu.

Seremala alipoondoka nilisogeza kiti mpaka mlangoni. Nikainua kifundo, dole gumba likabana ulimi wa komeo, nikasukuma. Likakwama katikati. Nikalitukana, maneno yako yale ya jikoni. Nikasukuma tena, likaingia.

Nilikaa humo ndani sifanyi lolote. Sikuvua shati, sikusoma, nilikaa tu nikiangalia mlango.

Baadaye nikasikia ndara za Mama zinakuja kama kawaida, mkono ukagusa mlango, mlango ukakataa. Nilijua anashika ule ufunguo shingoni, anafikiri. Kisha akagonga.

"Hodi," akasema.

Nilimwacha asimame kidogo, Dada, unisamehe, nilitaka kulisikia tena. Akasema tena, taratibu, kama anayeingia nyumba ya mtu mzima: "Hodi, mwanangu."

Ndipo nikamfungulia, nikamwambia karibu.

Kufuli